Bazee betu bataikala wapi?
Maneno yenye tulisema ku mukutano wa chama, Kipushi



Mulituuliza: shiye tuliorudi kutoka Bulaya, tulioona kule manyumba ya bazee, kwa nini chama isijenge moja hapa Kipushi? Ulizo ni ya maana. Lakini mbele ya kununua hata tofali moja, tuelewane. Ile jina "nyumba ya bazee" inafunika vitu vine vyenye havifanane.

Ku Ubelgiji, ya kwanza banaiita "résidence-services". Muzee iko na nyumba yake kidogo, ufunguo wake, jiko yake. Kuko kengele ya kuita musaada, na akitaka chakula ao usafi, analipa. Ni ya mwenye bado na nguvu. Ya pili ni "maison de repos": chumba, chakula, kufuliwa nguo, batumishi muchana na usiku. Ya tatu ni ya matunzo mazito: muzee hawezi tena kuamuka yeye mwenyewe, kwa hiyo kuko banganga na bainfirmié ba kumugeuza na kumulisha. Ya ine si nyumba hata kidogo: infirmié anakuya kwa muzee asubui, anamunawisha, anamupa dawa, anaenda kwa mwengine.

Namna gani banajua nani aende wapi? Banatumia kipimo ya munganga wa Marekani, Sidney Katz. Banauliza mambo sita: anaweza kunawa? Kuvaa? Kutoka ku kitanda na kutembea? Kuenda ku choo? Kujizuia mukojo na choo? Kula peke yake? Tena banaangalia kama anajua siku na fasi iko. Haya maulizo hayaombe mashini wala feza. Hata leo mangaribi munaweza kuyauliza kwa mama yenu.

Karibu na shiye kuko mifano. Ku Ndola, Zambia, Jeshi la Wokovu linatunza bazee pa Mitanda. Nairobi kuko Nyumba ya Wazee ya masista. Zanzibar, serikali iko na Sebleni na Welezo. Ni kazi nzuri, lakini zaidi ni kimbilio ya mwenye hana mutu. Bazee betu bengi beko na batu. Kitu banakosa ni mikono.

Zamani kampuni ilitoa nyumba, posho na lupitalo. Mu 1993 kuchimba kulisimama. Mu 2003 na 2004 maelfu ya batumishi ba Gécamines balipewa feza ya kuondoka. Mine imeamuka tena mu 2024, lakini ile posho haikurudia. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema muzee iko na haki ya kulindwa. Sheria ya jamaa inalazimisha mutoto kumulisha muzazi mwenye shida. Vizuri. Lakini kifungu hakiamushe mutu ku kitanda asubui.

Mama mumoja tunayemujua aliuzisha nyumba yake, akalipa chumba fasi moja mbali na hapa. Ilikuwa fasi ya benye nguvu. Siku alivunjika kiuno, balimwambia: hatutunze bagonjwa. Hakuwa tena na chumba, hakuwa tena na nyumba. Hakuna mwenye alimudanganya. Hakuna mwenye aliuliza: nikishindwa kuamuka, mutanibakisha? Nani atalipa kama feza ya batoto inakatika?

Njo maana shiye tunaomba chama ianze na ile ya ine. Kwanza, tuandike bazee bote ba bamemba, na yale maulizo sita kwa kila mumoja. Pili, kasa ilipe bamama babili benye balisomea matunzo, bazunguke kila asubui kwa benye kushindwa kuamuka. Tatu, tununue viti vya choo na fimbo za kutembelea, vikae ku chama, viazimwe. Ine, karatasi ya nyumba ya muzee isitoke mu mukono wake mbele ya jamaa yote kukaa na kuongea.

Kuko sababu ingine, tuiseme wazi. Muzee mwenye kufungiwa ndani peke yake, siku mutoto anagonjwa, njo yeye banaita mulozi. Muzee mwenye kutembelewa kila asubui, mbele ya majirani bote, si rahisi kumutupia ile neno.

Nyumba ya chama tunaweza kuijenga kisha, tukishajua ni bazee ngapi hawana mutu kabisa. Pengine ni bane, na vyumba bine vinatosha. Pengine vyumba makumi mbili vingebakia na buvumbi tu, na mama yetu analala bila kugeuzwa ku mutaa ya pili.

Mukutano wenye kuya, kila mumoja alete jina moja na majibu sita.