Gharama ya kipimo cha tumbo kwa kamera



Ukiambiwa unahitaji endoskopi, yaani kipimo cha mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, usiulize bei ya kipimo peke yake. Uliza na dawa ya usingizi. Uliza na kinyama: daktari akiona kidonda anaweza kukata kipande kidogo kipelekwe maabara, na hicho mara nyingi hulipiwa peke yake. Hapo ndipo wengi hukwama, wameshamaliza hela.

Ukipewa rufaa ya Mbeya, kutoka kwetu Pito ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Laela na Tunduma. Weka nauli ya watu wawili, maana ukidungwa dawa ya usingizi lazima uwe na wa kukusindikiza.

Wenye bima, msiondoke bila barua ya rufaa. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha: aanzie kwa mtendaji wa mtaa, kisha ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, kabla ya siku ya kipimo.

Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, jamani, akimbizwe hospitali usiku huohuo. Hela itafutwe akiwa kitandani.