Breki Haziagizwi kwa Picha

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiomba niseme machache, alidhani nitazungumzia utumishi wa Serikali, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Nimemwomba ruhusa nizungumze juu ya pedi za breki. Naona wengine mmeanza kucheka. Wanachama watatu walioketi safu ya pili hawacheki, maana walikuwa ndani ya gari langu mwaka jana tulipokuwa tukirudi Dar es Salaam kutoka kwenye mkutano kama huu.

Wiki mbili kabla ya safari ile, pedi za mbele zilianza kulia. Duka la spea ninalolifahamu lilitaja shilingi 90,000. Jioni, nikiwa nyumbani, nikaona kwenye simu tangazo la pedi za gari la aina yangu kwa shilingi 25,000, tena za kuletewa mlangoni. Picha ilikuwa safi na boksi linang'aa. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kinajitembeza mpaka sebuleni kwako. Nikalipa kwa simu. Kesho yake kijana wa bodaboda akanikabidhi boksi, na Jumamosi nikazifunga mwenyewe.

Wakati wa kurudi, tulipokuwa tukiteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, mbele yetu kulikuwa na lori. Nilikuwa nimekanyaga breki mara nyingi. Nilipokanyaga tena, pedeli ilikuwa ngumu kama kawaida, lakini gari halikupunguza mwendo. Kukawa na harufu ya kuungua. Mwenzetu mmoja akauliza kama ni lori lile linalonuka. Nikamjibu ndiyo, hali nikijua si kweli. Nikarudisha gea ya chini, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, na tukasimama pembeni mita chache nyuma ya lori. Fundi alipofungua tairi, tuliona pedi moja imepasuka na imeanza kubanduka kwenye bamba lake la chuma.

Siku ile niliwaambia wenzangu kwamba gari limezeeka. Leo nawaambia ukweli mbele yenu wote: halikuzeeka, ni mimi niliyenunua breki kwa kutazama picha. Niliokoa shilingi 65,000. Garini tulikuwa watu wazima wanne, na kati yetu tuna watoto kumi na mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria wake, kwa kila mita 100 za kimo linazoshuka, hutoa nguvu inayotosha kuchemsha lita 5 hivi za maji. Kama injini haisaidii kulizuia, karibu joto lote hilo huingia kwenye breki. Pedi hutengenezwa kwa vitu vingi vilivyoshikamanishwa kwa gundi maalumu. Joto likizidi kiwango cha gundi hiyo, hutoka gesi, na pedi huteleza juu ya diski badala ya kuishika. Ndiyo maana pedeli ilibaki ngumu na gari likaendelea kwenda. Pedi mbaya haijulikani mjini kwenye taa za barabarani. Hujulikana mlimani, na hapo hakuna nafasi ya kuirudisha dukani.

Sisemi kwamba kila pedi isiyo na jina la mtengenezaji wa gari ni mbaya. Yapo makampuni yanayotengeneza spea nzuri kwa majina yao wenyewe, na bei yao ni nafuu. Wala sisemi kila muuzaji wa mtandaoni ni mwongo. Ninalosema ni kwamba sikujua nani alizitengeneza pedi zile, na nilipopiga namba ya muuzaji baada ya safari, haikupatikana tena.

Jambo linaloniumiza zaidi ni hili. Ofisini hatununui hata makabati bila kueleza sifa zake kwa maandishi. Tunaomba bei kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na mali ikifika kuna kamati ya ukaguzi na mapokezi. Mimi mwenyewe nimekaa katika kamati hizo, nikakataa viti kwa sababu miguu yake ilikuwa myembamba. Lakini kitu cha kusimamisha gari lenye wenzangu ndani, nilikipokea mlangoni nikiwa na kandambili, nikatia sahihi kwa kidole kwenye simu ya kijana, basi.

Kwa hiyo naomba kila mmoja wetu awe kamati ya ukaguzi nyumbani kwake. Kwanza, tafuta namba ya spea kwa kutumia namba ya chesisi, usitegemee jina la gari tu. Pili, soma bamba la chuma la pedi kabla ya kufunga. Pedi zilizoidhinishwa kwa Kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Kanuni hiyo haikubali pedi ya badala itofautiane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika nguvu ya kushika. Nyingine huwa na herufi mbili kama FF: ya kwanza ni ya msuguano wa kawaida, ya pili ni ya msuguano wa joto, na F ni kati ya 0.35 na 0.45. Herufi hizo peke yake si cheti cha ubora, na alama yoyote inaweza kughushiwa. Lakini pedi zangu hazikuwa na alama hata moja, nami sikuangalia. Tatu, nunua kwa mtu mwenye duka unaloweza kulirudia, na udai risiti.

Kwa wanaofunga wenyewe, sitaki mwache. Shule hii ilitufundisha kushika jembe na nyundo, na sioni aibu mtumishi wa ofisi kuchafuka mikono. Ila gari lisiachwe juu ya jeki peke yake, weka stendi. Badilisha pedi za pande zote mbili kwa pamoja. Usipulize vumbi la breki, kwani pedi nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta saratani; lifute kwa kitambaa kibichi. Ukimaliza, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla ya kuliondoa gari, kwa maana mara ya kwanza itakwenda mpaka chini. Angalia pia mafuta ya breki, uweke aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Na kama huna hakika na kazi yako, mwite fundi aikague. Kujitegemea hakumkatazi mtu kuomba jicho la pili.

Ndugu zangu watatu wa safu ya pili, naomba radhi. Mlinipa dhamana ya kuwafikisha nyumbani, nami niliipa bei ya shilingi 25,000. Pedi zilizomo garini leo nimezinunua dukani, risiti ninayo mfukoni, na nafasi tatu zipo kesho asubuhi kwa atakayenikubali tena. Kitonga tutashuka kwa gea ya chini.