Nanga Ndogo Tayani
(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani siku ya kukutana, Shinyanga)



Nimeombwa niseme juu ya maisha baada ya shule. Mimi nitasema juu ya skrubu moja.

Mnaijua kanuni ya tatu ya Newton: kila kani hujibiwa na kani iliyo sawa nayo, ya upande wa pili. Hapo ndipo ilipo taabu ya kunyoosha meno. Daktari akivuta meno ya mbele yarudi nyuma, magego nayo huvutwa yaje mbele. Kwa hiyo hutafuta nanga: skrubu ya titani, unene wake milimita 1.2 hadi 2, hukazwa katika mfupa wa taya, na kazi ikiisha hutolewa. Creekmore na Eklund wa Marekani walieleza jambo hili mwaka 1983, na Kanomi wa Japani akaeleza skrubu ndogo zaidi mwaka 1997.

Lakini nanga huweza kung'oka. Katika kila skrubu 100, kiasi cha 13 hushindwa kazi, nyingi kwa kulegea. Nyingine hugusa mzizi wa jino, nyingine hukatika, na uchafu ukikaa, ufizi huvimba.

Binti yangu aliwekewa mbili huko Mwanza, nasi tukiishi Geita, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025. Mwezi wa pili akaniambia, "Baba, moja inacheza." Nikahesabu nauli, kivuko, na siku za ruhusa kazini. Nikamjibu, "Vumilia mwanangu, tarehe yetu bado." Akavumilia wiki tatu. Tulipofika ufizi ulikuwa umevimba. Skrubu ikatolewa, tukangoja apone ndipo awekewe nyingine mahali pengine. Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu, "Alianza kusema lini?" Binti akanitazama, akanyamaza.

Ndugu zangu, kule machimboni kwetu, mchimbaji akisikia mti wa duara unalia, hangoji zamu iishe ndipo aseme. Mimi mwenye digrii na kiti ofisini niliambiwa, nami nikamnyamazisha aliyeniambia. Vijana, kitu kikilegea semeni mapema, na msiposikilizwa semeni tena. Nasi wazee, tukiambiwa, tusianze kwa kuhesabu nauli.