Msongamano wa Awali: Kirai Kimoja, Dhana Mbili

Mhadhara huu unachunguza kirai "msongamano wa awali" katika uigaji wa vifaa vya elektroniki kwa kompyuta. Hoja yake ni kwamba kirai hicho kinaficha dhana mbili zisizopaswa kuchanganywa.

Kifaa kinachohusika kina kiungo cha vipitishi nusu viwili tofauti, mathalani gerimaniamu na galiamu asenidi. Kazi juu ya miundo ya aina hii iliwapatia Herbert Kroemer na Zhores Alferov sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2000.

Dhana ya kwanza ni msongamano wa atomi za nyongeza zilizotiwa makusudi katika kila tabaka. Hiyo ni sifa ya kifaa. Ikibadilika, jibu hubadilika. Dhana ya pili ni msongamano wa elektroni na matundu ambao mwigaji huukisia ili ukokotoaji uanze. Milinganyo haitatuliki kwa mkupuo mmoja. Kompyuta hulisahihisha kisio hatua kwa hatua, kwa njia kama ile aliyoieleza Hermann Gummel mwaka 1964, hadi masahihisho yawe madogo mno. Kisio likiwa jema, jibu hupatikana upesi. Likiwa baya, huenda ukokotoaji usitulie kabisa.

Ugumu huo huonekana hasa mpakani. Katika halijoto ya chumba, gerimaniamu safi ina takriban elektroni huru trilioni 20 kwa sentimita moja ya ujazo. Galiamu asenidi safi ina takriban milioni 2. Kwa hiyo, kuunganisha pande mbili kwa mstari laini hupotosha. Mwigaji mwangalifu huanza bila volteji: huweka kiwango kimoja cha Fermi katika kifaa chote na kupata kutokana nacho msongamano wa kila tabaka. Kisha huongeza volteji kidogo kidogo, jibu la kila hatua likiwa kisio la hatua inayofuata.

Mwanafunzi aliyefundishwa kirai kimoja kwa dhana zote mbili aweza kubadilisha kifaa huku akidhani anarekebisha kisio. Yafaa basi dhana ya kwanza iitwe "msongamano wa nyongeza", na ya pili "kisio la kuanzia". "Kadirio" halitoshi, kwa kuwa hata jibu la mwisho la kompyuta ni kadirio. "Kisio" hutokana na kukisia, na kinachokisiwa hungoja kusahihishwa.