NG'OMBE NAYE NI SHAHIDI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Machakos)



Sisi wa reli twajua kazi ya taa nyekundu. Leo nawaonyesha nyingine: mifugo yetu.

Risasi iliyo ndani ya betri kuukuu ni sumu. Vumbi lake hutua juu ya majani. Ng'ombe huyala pamoja na udongo, na risasi hukaa katika ini, figo na mifupa yake. Ikimzidi, huwa kipofu, husaga meno, hupepesuka. Daktari wa mifugo akipima damu yake, atajua kama malisho yameharibika. Na watoto wetu huchezea papo hapo!

Kumbukeni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwako tangu 2007 hata 2014. Wenyeji walieleza kuwa kuku wao walikufa. Risasi ilionekana katika damu ya watoto. Mwaka 2020 korti iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufani iliitangua, lakini Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Fedha haifufui mtu.

Basi, mnyama akifa ghafula karibu na kiwanda, msimle, mwiteni daktari. Nasi tushikao betri tusiende nyumbani na vumbi nguoni. Tudai kwa umoja mahali pa kuogea.