SIKIO LA PILI SI ANASA

Kiziwi aliyepandikiziwa kifaa cha kusikia katika sikio moja husikia mlio wa gari, lakini hajui linatoka upande gani. Barabarani, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha uhai na mauti. Kwa hiyo uamuzi wa kutoa kifaa kimoja au viwili haufai kuachiwa wahasibu peke yao.

Binadamu hutambua itokako sauti kwa kulinganisha masikio yake. Sauti ya kulia hufika kwanza sikio la kulia. La kushoto hulifikia baadaye, kwa muda usiotimia sehemu 1 kwa 1,000 ya sekunde, tena ikiwa imefifia kwa kuwa kichwa huikinga. Mwenye kifaa kimoja hana cha kulinganisha. Mwenye viwili huipata tena ile tofauti ya nguvu ya sauti, akaweza kupambanua kulia na kushoto.

Ni kweli kwamba vifaa hivyo havirudishi usikivu wa asili. Tofauti ile ndogo ya muda hupotea kwa kiasi kikubwa, maana kila kifaa hutuma mapigo yake ya umeme bila kupatana na mwenzake. Aidha, mtoto aliyezaliwa kiziwi akicheleweshewa kifaa cha pili, ubongo wake huzoea sikio moja. Lakini hiyo ni hoja ya kuharakisha, si ya kunyima.

Mwaka 2009 NICE, taasisi inayoshauri juu ya matibabu nchini Uingereza, ilipendekeza watoto viziwi wapewe vifaa viwili kwa pamoja. Watu wazima walitengewa kimoja kwa sababu ya gharama, isipokuwa vipofu na wengine ambao ulemavu wao huwafanya wategemee zaidi masikio. Hapo ndipo penye walakini. Kwa kumtoa kipofu katika kanuni hiyo, taasisi ilikiri kwamba kujua itokako sauti ni kinga. Iwapo ni kinga kwa kipofu, ni kinga pia kwa mfanyakazi avukaye barabara usiku.

Tanzania ilianza upandikizaji huo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017. Kwa nchi yenye fedha chache, kuanza na sikio moja ili wengi wasikie ni busara. Hata hivyo, uchache wa fedha usigeuzwe kuwa kanuni ya tiba. Anayepewa sikio moja leo bado anadai la pili.