Mpunga Hunywa Mchanga

Fungueni madaftari. Leo tutasoma habari za mpunga.

Ninyi mnaoulima mnajua kwamba jani lake hukwaruza. Ukipitisha kidole ukingoni, utasikia kama msasa. Sababu yake ni kwamba ndani ya jani hilo mna mchanga.

Msicheke! Si mchanga ulioletwa na upepo. Andikeni neno hili polepole: si-li-ka. Silika ndiyo iliyo nyingi katika mchanga wa kawaida, na viwandani huyeyushwa kutengeneza kioo. Kiini chake huitwa silikoni. Kidogo chake huyeyuka katika maji ya udongoni, na mizizi ya mpunga huyanywa maji hayo. Maji hupanda mpaka majanini, yakatoka kwa mvuke. Silika haitoki. Hubaki chini ya ngozi ya jani na katika makumvi, ikaganda kama kioo chembamba.

Mimea mingi huchukua kidogo, lakini mpunga una uroho. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Okayama, Japani, walitambua mlango wa kupitishia silikoni ulio katika mizizi yake. Mpunga wenye mlango mbovu, ulipolimwa shambani, ulishambuliwa na wadudu na magonjwa, mavuno yakawa haba.

Shina lenye silika ya kutosha halilali upesi mvua ya upepo ikija. Jani husimama wima, likapata jua bila kuyazibia majani ya chini. Ukungu uletao mabaka yenye umbo la jicho hupenya kwa taabu. Hata funza atoboaye shina hutafuna mpaka meno yake yakalika.

Lakini angalieni. Mkulima hutia mbolea nyingi ya chumvichumvi, mpunga ukawa kijani sana, naye akafurahi. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, majani hulegea, na ukungu huyapenda. Mpunga wa namna hiyo ndio wenye haja kubwa ya silika.

Mtu atauliza: udongo si umejaa mchanga? Umejaa, lakini mchanga huyeyuka polepole mno. Fanyeni hesabu. Mavuno ya tani 5 katika hekta moja huondoa silikoni kilo 230 hadi 470. Karibu yote imo katika mabua na makumvi. Katika mchele mweupe ni kidogo sana. Basi anayeuza mchele hapotezi kitu kwa upande huu. Anayepoteza ni yule anayetoa mabua yote shambani na kuyaacha makumvi mashineni.

Wakulima wa Japani wametumia mbolea ya silika, itokanayo na mabaki ya viwanda vya chuma, tangu mwaka 1955. Mbolea hiyo ni ya kununua. Mabua unayo tayari. Yakatekate, uyafukie majuma kadhaa kabla ya kupandikiza, yapate kuoza. Mabua ya shamba lililougua usiyafukie. Yachome papo hapo, utandaze majivu. Naitrojeni itapotea, lakini silika haiungui. Makumvi kilo 100 yakichomwa huacha majivu yapata kilo 20, na karibu yote ni silika.

Kazi ya juma hili: nendeni kwenye mashine ya kukoboa iliyo karibu nanyi, mkaulize makumvi huenda wapi na nani huyachukua. Andikeni jibu kwa mistari mitano.